Kwanja, kikombe na lango la Butimba

Saa mbili asubuhi, Ilemela, jijini Mwanza. Kijana wa miaka ishirini na ushee anafyeka majani nyuma ya zahanati. Kwanja si lake; amelikuta limeegemezwa ukutani, mpini wake umeviringishwa mpira wa baiskeli. Akina mama waliokaa kwenye benchi wakisubiri watoto wapimwe uzito hawamtazami mara mbili. Wanamwona kibarua. Si kibarua, ni mfungwa. Akitimiza saa zake nne, mganga mfawidhi atamtilia saini kwenye karatasi, naye atashuka zake hadi kwao kula ugali na dagaa aliopika mama yake. Alikutwa na misokoto miwili ya bangi mfukoni, akakiri kosa, hakimu akampa miezi sita ya kuitumikia jamii. Mtaani kwao adhabu hiyo ina jina moja tu: kifungo cha nje.

Kusini mwa jiji, ndani ya Gereza Kuu la Butimba, wapo vijana wa rika lake waliokamatwa na majani yaleyale. Ila yao yalikuwa kwenye kiroba, juu ya pikipiki. Hao walisomewa miaka 30.

Nimesikia watu wengi, hata wasomi, wakisema kifungo cha nje ni jambo la juzi, limeletwa na wafadhili pamoja na semina zao. Ukiifuata historia ya ufuo huu wa ziwa unakuta mambo yako kinyume. Kuadhibu bila kufungia ni jambo la kale hapa. Kilichokuja juzi ni gereza.

Kabla ya boma, Usukumani hapakuwa na nyumba ya kumweka mtu miezi sita akilishwa bure. Nani angemlisha? Aliyeiba alilipa ng'ombe, na kama hakuwa nao ukoo wake ulilipa, ukabaki unamdai yeye. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, alizikusanya sheria hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 1953, na anayekisoma leo anashangaa jinsi karibu kila kosa lilivyopimwa kwa mifugo. Adhabu iliyotisha kuliko faini ilikuwa kutengwa. Huombi moto kwa jirani ukapewa, huchoti maji kisimani pamoja na wenzako, na ukifiwa unazika peke yako. Mzee mmoja wa Magu aliwahi kuniambia, huku akicheka, kwamba afadhali mtu angefungwa, maana gerezani walau utasalimiwa.

Nisipambe mno. Mtemi alikuwa na uwezo wa kufukuza na hata kuua, na walioitwa wachawi hawakuulizwa kama wanataka adhabu mbadala. Lakini bangi haikuwa kwenye orodha ya makosa. Richard Burton, aliyepita Unyanyembe mwaka 1857, aliandika kuhusu wavutaji wa bangi wa nchi hizi na kikohozi chao cha kupasua kifua. Mwenzake John Speke alifika hapa Mwanza Agosti 1858 na kuliona ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakilivua tangu enzi na enzi. Katika miaka hiyo mmea ule ulikuwa starehe ya mtu na kiko chake cha maji. Ulimletea kikohozi, haukumletea askari.

Askari walikuja na Wajerumani, waliojenga boma Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890. Nao hawakupenda sana kufungia, walipenda kupiga. Viboko 25, vile ambavyo babu zetu waliviita hamsa wa ishirini, vilimaliza kesi nyingi mchana uleule. Nyingine zilimalizwa kwa mnyororo wa shingoni, watu wamefungwa pamoja kama shanga, wakibeba mawe na kuchimba barabara. Hiyo nayo, tukitaka kuwa wakali wa lugha, ni adhabu isiyo ya gereza. Ndiyo maana huwa nashtuka mtu akisema "adhabu mbadala" kana kwamba neno lenyewe lina huruma ndani yake.

Waingereza waliuteka mji Julai 1916, na wao ndio waliotufundisha kufungwa kwa mambo madogo. Mtu hakulipa kodi ya kichwa, ndani. Hakung'oa na kuchoma mashina ya pamba baada ya mavuno, faini, na akishindwa faini, ndani. Wiki mbili, mwezi mmoja, miezi mitatu. Magereza yakajaa watu ambao hakuna jirani aliyewaita wahalifu. Tume ya Bushe, iliyochunguza mwaka 1933 namna haki ya jinai ilivyotolewa Kenya, Uganda na Tanganyika, iliyakuta haya. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 Tanganyika ikaanza utaratibu wa kazi za nje ya gereza: mfungwa wa muda mfupi, au aliyeshindwa faini, alilala kwake, asubuhi akaripoti, akalima barabara ya serikali au kufagia boma, jioni akarudi nyumbani.

Hapo ndipo ukoo wa kifungo cha nje unapoanzia, na sababu yake haikuwa upole. Mfungwa wa nje anakula chakula chake. Hahitaji blanketi, hahitaji mlinzi wa usiku, hahitaji chumba. Karani wa hesabu ndiye aliyelifungua lile lango. Nalisema hili kwa sababu limejirudia kila mara: mlango mbadala hufunguliwa pale gereza linaposhindwa kubeba watu wake, na hufungwa pale wakubwa wanapotaka kuonekana wakali.

Sheria ya probesheni ilifuata mwaka 1947. Hii ilikuwa na wazo tofauti. Mkosaji hafanyi kazi ya kulipa. Anakaa chini ya uangalizi wa afisa kwa muda uliopangwa, na akiharibu anarudishwa kwa hakimu. Ni wazo zuri lililotegemea kitu kimoja ambacho Jimbo la Ziwa halikuwa nacho cha kutosha, yaani maafisa. Miaka hiyo serikali ilikuwa na shughuli nyingine Usukumani. Mpango wa kuendeleza Usukuma ulikuja na amri za kuchimba matuta, kupunguza ng'ombe, kupanda hiki na kutopanda kile, na kila amri ilikuwa na adhabu mkiani. TANU ilipigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa kuanzia 1954 hadi 1958. Mkulima wa Kwimba au Geita aliyekwenda jela miaka hiyo alirudi akiwa shujaa wa kijiji, si mwenye aibu. Nadhani tunapowashangaa wazee wa huku kwa kutokuiheshimu sana jela, tuikumbuke miaka hiyo.

Baada ya Uhuru ungetegemea milango ifunguliwe zaidi. Haikuwa hivyo. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini, iliyomnyang'anya hakimu hiari katika makosa kama wizi wa mali ya umma na rushwa, ikalazimisha na viboko: 12 wakati wa kuingia gerezani, 12 wakati wa kutoka. Sheria ya Magereza ya 1967 iliuacha hai utaratibu wa kazi za nje kwa waliohukumiwa muda mfupi. Kwenye karatasi, walau. Mlango ulikuwepo ila wengi walisahau ulipo.

Kwa upande wa nguvu kupita kiasi, Mwanza ina kumbukumbu yake. Mwaka 1976 watuhumiwa wa mauaji ya vikongwe katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga walikufa mikononi mwa vyombo vya dola, na mwanzoni mwa 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kuwajibika. Miaka michache baadaye, kuanzia Kahama na kuenea Usukuma wote, sungusungu walianza kazi. Hawa walikuwa wanakijiji wenye pinde na filimbi, wamechoshwa na wezi wa ng'ombe, na walichokifanya kilikuwa kuirudisha ile sheria ya kale: faini, na asiyetii anatengwa. Wakati mwingine walirudisha pia kipigo, na wapo waliokufa. Wizi ulipungua, kila mtu anakiri. Lakini mahakama ya watu wenye hasira si mahali pa kumpeleka mtoto aliyekutwa na msokoto.

Hadi hapo dawa za kulevya zilikuwa jambo dogo kwetu. Bangi ilitoka Mara, hasa Tarime na bonde la Mto Mara, ikashuka hadi kwenye mialo huku samaki wakipanda. Mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani na karabai usiku kucha, baridi ikimkata, alikuwa na wasaidizi wawili wa kukesha naye: bangi na gongo. Gongo, kwa mbali, ndiyo iliyowaharibu wengi, nami nimezika watu wake. Lakini mama anayepika gongo akikamatwa mara nyingi hupigwa faini, analipa, wiki ijayo pipa liko motoni. Mirungi iliingia kutoka Kenya, ambako ni zao halali linalopakiwa magari mchana kweupe. Ikivuka mpaka wa Sirari inageuka jinai.

Unga, yaani heroini, ulikuja kwa njia ya pwani. Dar es Salaam na Zanzibar ziliuona tangu miaka ya 1980, na ule mweupe wa kujidunga ukashika kasi mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukapanda na barabara na reli hadi kwetu. Maneno yakapanda nao: teja, kete, pusha, arosto. Hilo la mwisho ndilo ambalo hakimu angepaswa kulijua kuliko mengine. Arosto ni mwili ukidai. Makamasi yanatiririka, tumbo linachafuka, mifupa inauma kana kwamba imepondwa kwa mchi, mtu anapiga miayo bila kulala. Aliye kwenye arosto ataiba ndoo ya mama yake na kuiuza shilingi elfu mbili. Ukimuuliza kesho yake atalia kweli, kisha ataiba sufuria.

Sheria ilijibu kwa ukali wa daraja kwa daraja. Ya 1995, kisha ya 2015 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, kisha marekebisho ya 2017 yaliyokaza zaidi. Katika sheria hizi kuna neno moja ambalo limejaza magereza kuliko mengine yote. Neno hilo ni usafirishaji. Msomaji wa kawaida akilisikia anafikiria kontena bandarini au mtu aliyemeza pipi uwanja wa ndege. Sheria inamaanisha zaidi ya hapo: kununua, kuuza, kutoa, kuhifadhi, kubeba, kufikisha. Dereva wa bodaboda aliyepewa kiroba pale stendi na kuambiwa akifikishe Igoma kwa buku tano amesafirisha. Mama aliyewekewa furushi chini ya kitanda na mwanawe amehifadhi, na kuhifadhi ni kusafirisha. Kwa bangi ya kilo chache, adhabu iliyokuwa ikisomwa mahakamani ni miaka 30.

Pembeni ya neno hilo kubwa kuna kosa dogo la kupatikana na kiasi kidogo au kutumia. Hilo lina faini au miaka michache, na hapo ndipo kifungo cha nje kinapoweza kuingia. Kwa hiyo mpaka kati ya kwanja na Butimba haufuati ukatili wa mtu, wala kama amemdhuru yeyote. Unafuata karatasi ya mashtaka: askari ameandika "kupatikana" au ameandika "kusafirisha". Kijana wa zahanati na yule wa kiroba wote hawakumpiga mtu wala kushika panga. Mmoja aliandikwa kwa neno moja, mwingine kwa lingine.

Ajabu ni kwamba sheria yenyewe inaujua mlango wa tatu. Ndani yake kuna kifungu kinachompa hakimu ruhusa, anapomtia hatiani mraibu wa kosa la kutumia, kuahirisha kumfunga na badala yake, kwa ridhaa ya mkosaji mwenyewe, kumpeleka kwenye tiba akizingatia umri wake, tabia yake na hali yake ya mwili na akili. Wazo hilo lina nasaba ndefu. Mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa 1961, uliporekebishwa mwaka 1972, uliruhusu tiba mahali pa adhabu. India iliweka kifungu cha namna hiyo katika sheria yake ya 1985, nasi tukajifunza kwao. Marekani ilianzisha mahakama maalumu za waraibu Miami mwaka 1989, na Ureno mwaka 2001 iliondoa jinai kwa anayekutwa na kiasi cha matumizi yake. Sisi hatukuhitaji kwenda mbali hivyo. Kifungu tulikuwa nacho. Tulichokosa kwa muda mrefu ni mahali pa kumpeleka mtu. Hakimu angeandika nini? Mpelekeni wapi?

Kifungo cha nje cha sasa kilizaliwa upya kwa njia nyingine. Zimbabwe ilianza huduma kwa jamii mwaka 1992 magereza yake yalipofurika. Mwaka 1996 wakuu wa magereza na wanasheria wa Afrika walikutana Kampala, mwaka uliofuata Kadoma, na wote wakasema lilelile ambalo yule karani wa Tanganyika alilijua miaka ya 1930. Kenya ikatunga sheria yake 1998, Uganda 2000, sisi tukafuata na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002. Inamhusu aliyestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu. Anafanya kazi bila malipo shuleni, hospitalini, sokoni, au kwenye vitalu vya miti, huku akilala kwake.

Jinsi inavyofanya kazi ni rahisi kueleza, na ndipo ugumu wake ulipo. Hakimu hawezi kumwachia mtu hivihivi. Anaagiza ripoti ya uchunguzi wa kijamii. Afisa probesheni anakwenda nyumbani kwa mshtakiwa, anamwona mwenyekiti wa mtaa, anazungumza na wazazi, na aliyekosewa kama yupo. Je, ana makazi ya kudumu? Ana familia? Jamii itampokea? Ripoti ikiwa nzuri, kwanja. Ikikosekana, lango.

Sasa mchukue mvuvi. Kwao ni Sengerema au Magu, lakini hajalala huko tangu Krismasi. Anaishi kambini, kwenye kibanda cha makuti na turubai katika kisiwa ambacho mwenyekiti wake hajui majina ya nusu ya watu wake. Dagaa huvuliwa giza la mwezi. Mbalamwezi ikiangaza kazi inasimama, wavuvi wanatawanyika, na giza likirudi wanaweza kuibukia kisiwa kingine kabisa, mkoa mwingine pengine. Tajiri wa mtumbwi anamjua kwa jina la utani. Muulize afisa swali lake la makazi ya kudumu hapo. Mvuvi huyu akikamatwa na misokoto yake atapelekwa Nansio au Mwanza mjini, hatakuwa na wa kumdhamini, atakaa mahabusu, na siku ya hukumu hakuna ripoti ya kumtetea. Hakimu si mkatili. Hana pa kumshikia. Kwa namna hiyo adhabu iliyobuniwa kwa ajili ya watu wadogo inawafikia vizuri zaidi watoto wa mjini wenye mama anayepika ugali nyumbani, na ufuo, ambao ndio chanzo cha kesi, unaambulia jela. Waliotunga sheria hiyo, ninavyoisoma, walikuwa na kijiji cha wakulima akilini. Mkulima unamkuta.

Kikombe ndicho kilichobadilisha mambo kwa watu wa unga. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, ya kwanza kwa Tanzania Bara, na kabla ya muongo kuisha huduma hiyo ilikuwa imefika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure hapa Mwanza. Ukifika asubuhi utawaona wamepanga foleni, wengine wamevaa nadhifu wakiwahi kazini, wengine bado wana usingizi machoni. Kwenye dirisha mhudumu anamimina dozi ya kimiminika kwenye kikombe kidogo. Mteja, hapo ndivyo anavyoitwa, si mgonjwa wala teja, anakunywa mbele yake. Kisha lazima aseme neno. "Haya, sema." "Ahsante dada, kesho." Wanasemeshwa ili kuhakikisha dawa imemezwa, haijafichwa shavuni ikauzwe nje. Nimesikia pale dirishani salamu nyingi, utani wa Yanga na Simba, hata mmoja aliyekuwa akisema "mwangaluka" kila siku bila kubadilisha.

Dawa hiyo inamtuliza mtu kwa siku nzima. Arosto haiji, kwa hiyo ndoo ya mama inabaki mahali pake. Lakini lazima kesho arudi, na keshokutwa, na sikukuu. Ndiyo kusema kumkamata mteja wa methadoni Ijumaa jioni kwa kuzurura, na kumweka ndani hadi Jumatatu, ni kumrudisha kwenye arosto kwa makusudi au kwa kutojua. Akitoka anatafuta kete kwanza, dirisha baadaye.

Wengi wanaofika dirishani hapo hawakutumwa na hakimu. Wameletwa na waelimishaji rika, wengi wao waraibu walioacha, wanaozunguka maskani na kuwavuta wenzao. Njia kati ya mahakama na kliniki ipo kisheria, ila bado nyembamba, majani yameota. Na kikombe kina mpaka wake: ni cha heroini. Kwa bangi, mirungi na gongo hakuna kikombe. Kijana wa mwalo anayevuta bangi hana tiba ya dirishani. Ana faini, kwanja, au lango. Ndiyo sababu sioni busara ya kuisifu methadoni kana kwamba imemaliza hoja ya jela huku Kanda ya Ziwa. Imemaliza hoja ya wachache, tena vizuri. Walio wengi wamekamatwa na jani.

Julai 2019 Rais John Magufuli aliingia Butimba na kukaa kuwasikiliza waliokuwamo. Malalamiko yaliyotoka siku ile, ya kesi za kubambikiwa na upelelezi usiokwisha, yalisikika nchi nzima, na siku zilizofuata mahabusu wengi wa Mwanza waliachiwa baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka kufuta kesi zao. Wakati huo magereza yote ya nchi yalikuwa na nafasi ya watu wasiofika 30,000. Waliomo walizidi, na karibu nusu hawakuwa wamehukumiwa kwa lolote. Tarehe 9 Desemba mwaka uleule, sherehe za miaka 58 ya Uhuru zikifanyika hapahapa uwanja wa CCM Kirumba, alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Uwanja ulilipuka.

Msamaha ni mlango wa ajabu. Unafunguka kwa siku moja, baada ya mtu kuwa ameshalala ndani, ameshapoteza kibanda, mke na nafasi kwenye mtumbwi. Na kwa kawaida orodha za msamaha huwaacha kando waliofungwa kwa dawa za kulevya. Parole nayo, iliyoletwa kwa sheria ya mwaka 1994 ili mfungwa mwenye nidhamu amalizie kifungo uraiani, iliwaweka pamoja na wabakaji na majambazi wenye silaha: hawahusiki. Ukiifuata orodha ya milango yote, kutoka mashamba ya pamba hadi leo, mtu wa dawa ndiye anayefika mwisho kwenye kila foleni, hata kama alichobeba kilikuwa cha kuvuta yeye na rafiki zake.

Julai 2023 tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Samia Suluhu Hassan. Kuanzia hapo maneno "adhabu mbadala" yamekuwa yakisikika zaidi kwenye hotuba. Sina neno baya na hotuba. Ninachokitafuta mimi ni boti.

Nilipata kusafiri kwenda Ukerewe nikiwa nimekaa jirani na afisa mmoja wa uangalizi, mtu mzima wa kukaribia kustaafu, begi lake limejaa mafaili yenye kamba. Alikuwa anakwenda kumtazama kijana mmoja wa kambini aliyepewa kifungo cha nje kwa bangi, akapangiwa kufyeka kwenye shule ya msingi. Nauli alikuwa ameitoa mfukoni, alisema, atadai baadaye. Kutoka Nansio tulipanda mtumbwi wa abiria. Jua lilikuwa linazama tulipoteremka mwaloni, na wanawake walikuwa wakianua dagaa kwenye mchanga.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama mmoja mzee aliyekuwa akikunja chandarua. "Namtafuta yule kijana wa hapa kwenye banda la tatu."

"Marahaba, baba. Yule wa kufyeka shule?"

"Huyohuyo."

"Alifyeka vizuri tu. Mwalimu alimpenda." Yule mama alitazama juu, mahali ambapo mwezi haukuwepo. "Giza limeingia, baba. Wameondoka juzi wote, wamesema Goziba."

Afisa alitoa faili, akalifungulia juu ya goti, akaandika tarehe. Goziba ni mkoa mwingine, upande wa Kagera. Akakaa kidogo na kalamu yake, kisha akamuuliza yule mama mbalamwezi itaanza lini.